Nyuzi Zisizo na Mafundo

Nyumbani, 3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute mzima na miguu yako yote miwili, maana nasikia huko mnakimbizwa tangu kabla ya jua mpaka mtu anasahau jina la mama yake. Sisi hapa tuko salama. Mama anakusalimu, shemeji yako anakusalimu kwa ile sauti yake ya puani, na mjomba wako mdogo, huyu mwanangu, anakusalimu kwa kuning'inia kwenye sketi yangu hapa ninapoandika, kwa hiyo mstari ukipinda ujue ni yeye.

Habari za mama nikupe mimi kabla hujazipata kwa watu. Tangu uondoke ameshakuvisha nyota mabegani. Alianza kwa jirani wa mlango wa pili, akamwambia kijana wangu amekwenda kusomea uafisa. Jirani akazipeleka bombani, na zilipofika kwa muuza mkaa wewe ulikuwa umeshakabidhiwa kikosi. Sasa mtaa mzima unamwita Mama Afande. Nikamwambia, mama, huyu hata mtihani wa kuingia chuo hajaufanya, yuko uani kwa Sajini mstaafu anafundishwa namna ya kuufanya. Akanijibu, "Wewe shona." Basi nashona.

Umesema Sajini amezikusanya simu zenu na kuzifungia kwenye sanduku. Hapo kanikomoa mimi, si ninyi. Barua zangu zitakuwa zinapita kwa dereva wa lori la kiwanda cha mbao, yule mwenye jino moja la mbele, shemeji yako kashasema naye. Akichelewa usidhani nimekusahau. Dhani pancha.

Leo mjomba wako kaingia kwenye nyuzi zangu pale ukutani, kafungua mafundo yote. Ikabidi nikae niyafunge upya kwenye ncha, nyekundu fundo moja, kijani mawili, kahawia matatu, kama tulivyozoea. Mteja akaniuliza mafundo ya nini, nikasema ni mazoea ya mkono. Kweli ni mazoea. Aliyekuwa akiyahitaji yuko mbali.

Jitahidi, mdogo wangu. Huu ndio mwaka wenyewe, mwakani watakuambia umri umepita. Najua unajua. Nimeandika tu ili mkono wangu nao uwe umeandika.

Mimi dada yako.


Uani kwa Sajini, 19 Februari

Dada,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu ya kiraia, ya kijeshi bado sijaruhusiwa. Miguu ipo, kucha za vidole vikubwa ndizo zimeaga.

Tunalala chumba kimoja watu wanne, bati liko karibu na pua. Jirani yangu wa kitanda tunamwita Pasi kwa sababu ananyoosha kila kitu, hata leso, hata kamba za viatu. Mwaka jana aliufikia mtihani mpaka mwisho akaangushwa kwenye usaili. Walimuuliza kwa nini anataka kuwa afisa, akasema anapenda sare. Mwaka huu anafanya mazoezi ya kusema uongo.

Sajini ni mzee mfupi, anatembea kama mtu aliyemeza rula. Ametueleza mtihani ulivyo. Kwanza karatasi, hesabu na lugha na mambo ya dunia. Halafu mbio na viungo. Halafu daktari. Halafu usaili. Kwenye hesabu mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu, usicheke. Kwenye mbio niko wa pili, wa kwanza ana miguu ya korongo, huyo hatuhesabu.

Ramani tu ndiyo inanisumbua kidogo. Juzi alinipa kundi, akaniambia niwapeleke kwa barabara nyekundu inayopita ndani ya msitu. Nikaitazama ile karatasi, dada, msitu niliuona, barabara sikuiona. Wenzangu wakawa wananingoja. Nikachagua mstari uliokuwa umekolea zaidi, nikawapeleka. Ulikuwa mstari wa bonde, ukatushusha kwenye kijito. Tulitoka matopeni mpaka kiunoni, Sajini akaturusha kama vyura kuzunguka ua, na Pasi akasema siku akioa na kupata binti, jina atampa Matope. Nadhani nahitaji miwani, au nahitaji kulala.

Sasa kila mtu anatakiwa achore ramani yake mwenyewe kwa rangi. Hapa penseli za rangi hakuna. Nitumie nyekundu, kijani, kahawia na buluu. Usinunue za bei, zinachongwa zikaisha.

Umeniuliza kama nakula. Nakula.

Mdogo wako.


Nyumbani, 8 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Mjomba wako kaota meno mawili ya nyuma na hasira mbili za mbele. Mama mgongo unamsumbua lakini ukimuuliza anasema ni hali ya hewa. Shemeji yako mzima, ameletewa mashine mpya ya kuranda mbao, anaizungumzia mezani mpaka naona wivu.

Penseli hizo hapo. Sasa nisikilize vizuri, na barua hii usiisome kwa sauti kama ulivyozoea.

Kwenye mkia wa kila penseli nimefunga uzi mwembamba. Mafundo unayajua. Ukizipokea nenda chooni, au kokote uliko peke yako, zijifunze kwa kitu kingine, moja itafune, nyingine uchonge pande zote mbili, unajua mwenyewe. Kisha zikate hizo nyuzi uzitupe. Asizione mtu, hasa huyo mzee aliyemeza rula.

Usiniulize kwa nini kwenye karatasi. Macho yako hayana ugonjwa, mdogo wangu, ondoa mawazo ya miwani. Unaona mbali kuliko sisi wote. Ni rangi mbili tatu zinazokutania, basi. Kuna mteja wangu, mwanawe alikwenda huko huko unakokwenda, aliporudi alisema daktari ana kitabu cha vitone vya rangi, namba zimefichwa ndani yake uzisome. Muulize Pasi taratibu, kama anayeuliza habari za mvua, hicho kitabu kikoje. Kisha uniandikie.

Nakuombea nikikanyaga cherehani, nakuombea nikiosha nepi. Mungu kazoea kunisikia na kelele.

Dada.


Uani kwa Sajini, 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi sijui.

Penseli zilifika karibu wiki mbili zilizopita, zimefungwa kwenye kitambaa, peke yake. Barua haikuwepo. Dereva ameileta jana alipoikumbuka, ilikuwa imelala nyuma ya kiti cha lori pamoja na soksi zake. Kwa hiyo nimesoma jana mambo niliyotakiwa kuyasoma kabla.

Nilipozipokea nilifurahi, dada. Niliona mafundo yetu, nikahisi niko nyumbani. Nikakaa mezani na wenzangu nachora, nashika mkia wa penseli, napapasa, naandika. Sajini akapita nyuma yangu. Akasimama. Akaniuliza nani amenifungia nyuzi. Nikamwambia ni dada yangu, fundi cherehani. Akaniuliza za nini. Na mimi, kwa roho nyeupe kabisa, nikamwuliza, "Kwani ninyi rangi zenu mnazijuaje?"

Meza nzima ikacheka, wakadhani natania. Hata mimi nikacheka kidogo kuwafuata. Sajini hakucheka. Akazichukua penseli, akazivua nyuzi moja moja kwa kucha, akazichanganya mgongoni kwake, akazilaza mbele yangu.

"Nipe nyekundu."

Nikampa. Kicheko kikakatika, ndipo nilipojua kwamba siyo. Akaniambia nimpe kijani, nikampa, Pasi akatazama chini. Dada, zilikuwa penseli mbili za rangi ya udongo. Ndivyo zilivyokuwa. Ndivyo zilivyo mpaka sasa ninapoandika, ziko hapa, nazitazama, nasubiri moja ibadilike.

Sajini akawatoa wenzangu nje, akakaa juu ya lile sanduku la simu. Nilidhani atanifukuza. Akasema taratibu, ile sauti yake ya kupiga kelele sijui aliiweka wapi. "Afisa akikosea kusoma ramani hafi yeye. Wanakufa wanaomfuata." Kisha akatoka akaenda kumwagilia mchicha wake.

Nina miaka yote hii, dada. Nimemaliza shule. Nilidhani watu wote wanapapasa.

Ulijua tangu lini?


Nyumbani, 15 Aprili

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Sina salamu za kupamba leo. Wote wapo, wazima.

Nilijua tangu ulipokuwa darasa la kwanza. Mwalimu aliwaambia mchore mti. Ukapaka majani kahawia, ukapaka shina kijani, ukaupeleka mbele kwa furaha. Walikucheka mpaka ukakojoa. Ulirudi nyumbani ukaingia uvunguni mwa kitanda, na shule hukwenda siku ile wala zilizofuata, mama akawa anakuvuta mguu unang'ang'ania chaga. Mimi wakati ule nilikuwa naanza kufundishwa kushona. Nikakuita uje unisaidie kuniletea nyuzi, ili utoke tu huko uvunguni. Ukaniletea isiyo yenyewe, ukauona uso wangu, ukaanza kurudi chini. Ndipo nikafunga fundo. Nikakuambia nyuzi zote duniani zina mafundo, hizi tu zilikuwa hazijafungwa. Ukaniletea bila kukosea jioni nzima, ukawa unaimba. Kesho yake ukaenda shule.

Mama akasema iwe hivyo hivyo, mtoto asiambiwe. Nikafunga mafundo kwenye nyuzi, kwenye fulana zako kwa ndani, kwenye mswaki wako. Penseli zako za shule nilikuwa nakuchongea mimi. Unakumbuka.

Sasa tuache ya zamani, hayapasui kuni. Huyo Sajini amekuandika mahali popote? Amemwambia mtu? Kama hajasema, bado njia ipo. Pasi kashakiona kile kitabu cha daktari. Kurasa haziwezi kuwa nyingi. Wewe ni mtu uliyeshika orodha ya wafalme na miaka yao, unashindwa kushika namba kwenye vitone? Ukurasa wa kwanza namba fulani, wa pili namba fulani. Shika kama shairi la darasani. Daktari hatakufungua kichwa aone kama umeona au umekumbuka.

Mama hajui haya. Nikimtazama siwezi. Jana kaleta kitambaa, anataka nimshonee gauni la kuvaa siku mtakayopigiwa gwaride, kanisimamisha nimpime. Amepungua, mdogo wangu, futi inamzunguka na kubaki. Nilimpima mara mbili nikidhani nimekosea.

Shemeji yako kanong'ona kwamba kiwandani wanatafuta mtu wa kupokea mbao kwenye mashine. Nikamwambia alimeze neno hilo. Wewe hukukaa na vitabu miaka yote hiyo ili uje uokote maranda. Usirudi. Nisamehe kuandika hivyo, maana nakutamani mpaka mjomba wako ananiuliza kwa nini naongea na ukuta. Lakini usirudi.

Jibu haraka.

Dada yako.


Uani kwa Sajini, 27 Mei

Dada,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama. Nilikasirika, ndiyo maana nimenyamaza. Sasa hasira imechoka, nimebaki mimi.

Karatasi tumefanya. Majina yalibandikwa getini, langu lilikuwa juu ya yote, Pasi akalinyoosha shati lake la pili anipe nivae kwa heshima. Mbio nimepita. Viungo nimepita. Kwa hiyo mwambie mama, ni kweli, hapo hajatia chumvi. Bado daktari na usaili, mwishoni mwa mwezi ujao.

Sajini hajasema kwa mtu. Nilimfuata mchichani nikamwuliza kama atanitoa. Akaniambia, "Sikuzuii wala sikusindikizi." Tangu hapo ananiita kwa jina langu, zamani alikuwa ananiita Chura. Nilipendelea Chura.

Kitabu cha vitone Pasi anakikumbuka vizuri, na aliwauliza waliotangulia wakamjazia palipobaki. Ananishikisha tukiwa tunafua. Anasugua kola anasema, ukurasa una tone kubwa kwenye kona ya chini, namba ipi? Najibu. Nimeshavishika vyote. Lakini anasema kuna daktari mwingine, mzee, yeye baada ya kitabu hutoa kisanduku cha nyuzi za sufu akakuambia umchagulie rangi. Hapo hakuna cha kushika kichwani. Pasi ameahidi atasimama nyuma yangu kwenye foleni akohoe. Nyekundu mara moja, kijani mara mbili. Nikamwambia unafunga mafundo kwa koo. Tulicheka mpaka sabuni ikatuingia machoni.

Halafu jana tulikwenda tena na ramani. Sajini kanipa kundi lile lile, sijui kwa nini. Nilikwenda kwa kukadiria vilima, sikuuliza mtu, na nikawafikisha, dada, tulifika. Lakini njiani niligeuka nyuma. Pasi alikuwa ananifuata na wengine nyuma yake, mmoja anapiga mluzi, hawatazami hata wanapokanyaga. Wanatazama mgongo wangu. Mgongo ukaanza kuniwasha.

Tulipofika Pasi akaniuliza kwa utani kama kesho na keshokutwa, mambo yakiwa ya kweli, anifuate au aulize kwanza. Wenzangu wakacheka. Mimi nilisema anifuate.

Najua uliacha shule wiki ile ile niliyoanza sekondari. Hujawahi kusema, na mimi nimekaa kimya kwa sababu ukilisema itabidi nilibebe. Nimelibeba tayari. Sitarudi mikono mitupu, usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako.


Nyumbani, 14 Juni

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa na pini mdomoni, ukikuta tone ni mate.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kuhusu shule usilibebe. Niliacha kwa sababu cherehani ilikuwa inaningoja na hesabu zilikuwa zinanikimbia. Ndivyo ilivyokuwa na ndivyo nitakavyowaambia watu.

Mama siku tatu hajaenda kazini. Amelala, anataka mlango ubaki wazi aone njia. Gauni limekwisha, limetundikwa mbele yake. Watu wakija kumwona anawaonyesha gauni, ugonjwa hausemi. Jana alinishika mkono akaniuliza kama huko mnapimwa macho. Nikamwambia sijui. Akaniambia, "Unajua." Kisha akageukia ukutani. Ndiyo mara yetu ya kwanza kulitaja neno hilo tangu ile siku ya mti.

Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu. Akikohoa huyo mwenzako, msikilize. Ingia kwanza. Ukishakuwa ndani yatajulikana ya ndani, watakupa ofisi, watakupa hesabu za stoo, nani kasema kila afisa anakwenda msituni? Ingia tu, mama aone.

Andika hata mstari mmoja. Dereva anapita Ijumaa, nimemwambia asiondoke bila barua hata akikukuta unaoga.

Dada.


Kituo cha mabasi, 1 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Kaa kwanza ndipo usome.

Kitabu nilipita. Nilivitaja vitone vyote mpaka nesi akasema macho yangu ni ya mwewe. Chumba kilikuwa kirefu, kina harufu ya spiriti, sisi tumepanga foleni na bukta tu, karatasi zetu mkononi. Nyuma yangu Pasi. Kwenye meza ya mwisho alikaa yule mzee. Akafungua kisanduku.

Nyuzi, dada. Zimejaa tele, fupi fupi, za sufu. Akasema, nichagulie nyekundu. Nilinyoosha mkono, na vidole vyangu vikaenda vyenyewe kwenye ncha. Nikapapasa mmoja. Nikapapasa wa pili. Sikuwa nafikiri kitu. Nilikuwa natafuta fundo. Nilipapasa karibu zote, nazo zilikuwa laini mpaka mwisho.

Nikasikia Pasi anakohoa. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, na kila nilipogusa ule mmoja alikohoa. Nikauinua. Daktari akaandika. Akasema, sasa kijani. Nikaanza tena, na Pasi akakohoa mara mbili, kwa sauti, maskini, kama mwenye kifua kikuu. Uzi wenyewe ulikuwa chini ya kidole changu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuuinua tu.

Nilimwona mama na gauni. Naapa nilimwona. Nilikuona na wewe, pini mdomoni. Lakini yule aliyekuwa anakohoa ndiye atakayenifuata, dada. Ni yeye. Mgongo ukaanza kuniwasha pale pale, sina hata shati.

Nikauacha ule uzi. Daktari akainua macho akaniuliza, kwa upole, "Kijana, unatafuta nini kwenye hizo ncha?"

Nikamwambia, "Mafundo."

Hakuelewa. Nikamwambia sizioni rangi hizi, sijawahi kuziona, na kitabu nilikishika kwa kichwa. Akanishukuru, akaigonga karatasi yangu muhuri. Sijui ulikuwa wa rangi gani.

Pasi amepita. Alikuja kitandani kwangu, akalichukua shati langu la safari akalinyoosha, akalinyoosha tena mpaka likaanza kunukia moto. Sajini amenirudishia simu, haina chaji, na amenipa mchicha wa kumletea mama. Aliniita Chura.

Sijui nirudi vipi mtaa ule. Wakimwita mama kwa lile jina mbele yangu nitaitika nini? Nimekaa kituoni na begi, mabasi yanaondoka, sipandi. Hii barua nampa dereva wa lori kwa sababu yeye ana uhakika wa kufika.

Nisamehe. Mliniomba jambo moja.


Nyumbani, 6 Julai

Mdogo wangu,

Dereva amesema kakuacha kwa binamu yake karibu na kituo, na kwamba unakula kama ndege. Barua hii anaileta yeye mwenyewe, na ameagizwa akurudishe ndani ya lori hata kwa kukufunga pamoja na mbao.

Nilipoisoma nililia, sitakudanganya, nililia kwa hasira kwanza. Nilikuwa nakusemesha humu ndani, mpumbavu wewe, uzi ulikuwa chini ya kidole. Mjomba wako akaniletea kikombe cha maji kilichojaa nusu, nusu nyingine kamwaga njiani.

Kisha nikaenda kwa mama. Sikupata maneno ya kuzunguka, nikamwambia yote, mpaka ya nyuzi. Akaniuliza kama daktari alikufokea. Nikasema hapana, alikushukuru. Akasema niliteremshe lile gauni. Nilidhani hataki kuliona. Akalivaa. Linampwaya, akaniambia nilibane kiunoni, akatoka nalo kibarazani, akaketi. Jirani akapita akasema, habari Mama Afande. Mama akamjibu, "Huyo hakupata. Anarudi nyumbani." Jirani akakosa pa kuweka mikono. Mama alirudi ndani anatetemeka, akalala, lakini jioni alikula. Bado ni mgonjwa, sikufichi. Anautazama mlango, tofauti ni kwamba sasa anautazama kwa ajili yako, si kwa ajili ya gwaride.

Shemeji yako hakusema neno la nilijua. Asubuhi alipokuwa anafunga viatu alisema, "Mwambie mashine yetu, kitufe cha kuzima kiko juu, cha kuwasha kiko chini. Rangi hata mimi siiangalii." Akaondoka. Ndivyo yeye anavyokumbatia mtu, unamjua.

Sasa la mwisho, kisha nikaushe kalamu.

Juzi nilichukua mkasi, nikakata mafundo yote pale ukutani. Nilitaka nianze upya, au nilikuwa na hasira, sijui. Mjomba wako alikuwa chini anacheza na vifungo. Nikamwambia, niletee nyekundu, mwanangu. Majina ya rangi nilimfundisha mimi, anayaimba yote bila kukosea. Akasimama mbele ya ukuta, akazitazama. Akanyoosha mkono akapapasa ncha. Moja, nyingine, nyingine. Kisha akaniletea ya kijani, anatabasamu.

Mkono wangu ulishaanza kuifunga ile ncha, mdogo wangu. Kitanzi nilikuwa nimeshakitia. Nikakiachia.

Nikampakata. Nikamwambia hii ni kijani. Ile pale ni nyekundu. Wewe unaziona zimefanana, watu wengine wanaziona mbalimbali, na ukishindwa uliza, mtu atakuambia. Alinisikiliza kwa makini, kidole mdomoni, nikaona midomo inaanza kupinda nikajua sasa atalia, ataingia uvunguni, na safari hii sina fundo.

Akaniuliza, "Na mjomba?"

Nikamwambia, mjomba naye vivyo hivyo.

Basi alishuka mapajani, akakimbia mpaka kibarazani kwa bibi yake, nikamsikia anamwambia kwa sauti ya mtaa mzima kwamba yeye anaona kama mjomba.

Panda lori.

Dada yako.